Nilianza na Tona, Mashine Ikafuata

Dereva alizima lori, akaliwasha, akalizima tena. Mimi nilikuwa ndani nimepiga magoti mbele ya printa ya wino, naibembeleza kama mtoto anayekataa uji. Tulikuwa tumefunga ofisi siku tano kwa ajili ya Idd. Kabla ya kufunga ilikuwa inachapa vizuri. Tuliporudi ikatoa karatasi yenye michirizi mitupu, utadhani kuna mtu kapitisha kitana juu ya maandishi. Nikaamuru ijisafishe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila ikijisafisha inakunywa wino. Mara ya nne ikanitangazia kwamba wino mweusi umekwisha.

"Dada, karatasi zipo au hazipo?" dereva akauliza mlangoni, kwa adabu ile ya mtu ambaye adabu yake inakaribia ukingoni.

Nikachomoa flashi, nikadandia bajaji hadi steshenari moja ya Ngamiani, nikasimama nyuma ya wanafunzi wanaotoa kopi za vyeti. Kurasa kumi na moja, shilingi mia mbili kila moja. Hiyo hela haikuniuma. Kilichouma ni lori kuondoka saa saba mchana badala ya saa tatu asubuhi, na simu za mwenye mzigo katikati hapo.

Ofisi yetu ni ya watu watatu, tunatoa mizigo bandarini hapa Tanga. Zamani meli zilitia nanga mbali, shehena ikaletwa na matishari, na kazi nayo ikaenda kwa mwendo wa tishari. Siku hizi meli zinafunga gatini. Kazi imeongezeka na karatasi zimeongezeka nayo, ingawa tuliambiwa mambo yote yamehamia mtandaoni. Yamehamia kweli, sikatai. Lakini dereva anataka nakala yake mkononi, mwenye mzigo anataka yake, mlinzi wa ghala anataka ya kugonga mhuri. Na katika zote hizo hakuna hata moja inayohitaji rangi.

Jioni ile Bosi akasema, "Tafuta mashine ya leza. Nyeusi tu, isiyo na waya. Hii ya kukaukiwa wino mpe mtu."

Nikajua nimepewa kazi ya siku mbili. Ilinichukua wiki tano, na katika hizo nikaunguza mashine moja.

Nianze na hiyo iliyoungua, maana ndiyo iliyonifundisha kusoma kibandiko.

Shemeji yangu anaishi Marekani. Aliposikia natafuta printa akasema ana ya leza, haitumii, na kuna kontena la ndugu linakuja, ataiingiza humo. Nilifurahi sana. Ikafika imefungwa kwenye blanketi, safi, nzito, yenye harufu ya upya. Plagi yake ya miguu bapa nikaivalisha adapta ya plagi inayouzwa kila kona, nikachomeka ukutani, nikabonyeza. Ikalia *pa!* mara moja, kisha moshi mwembamba ukapanda kutoka nyuma, na ofisi nzima ikanuka pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni.

Kwa nyuma, kwenye kibandiko ambacho sikukisoma, paliandikwa volti 120. Umeme wetu ni wa volti 230. Nilikuwa na mazoea ya laptopu: chaja ya laptopu ukiigeuza utakuta 100 hadi 240, inakula popote duniani. Printa ya leza kwa kawaida haiko hivyo. Ndani yake mna fyuza, ile sehemu ya moto inayoyeyusha tona, yaani unga mweusi unaochukua nafasi ya wino, juu ya karatasi, na pasha-moto yake hutengenezwa kwa ajili ya volti za nchi inakouzwa. Ya kwao ni ya kwao, ya kwetu ni ya kwetu. Na ile adapta inabadilisha umbo la miguu tu, umeme inaupitisha kama ulivyo. Fundi aliniambia baadaye kwamba ningeweza kuweka transfoma ya kushusha umeme, ila iwe kubwa kweli, kwa sababu leza ikianza kupasha moto inavuta nguvu nyingi kwa mkupuo. Transfoma ya namna hiyo, usafiri wake na nafasi inayokula mezani, si afadhali ununue mashine.

Shemeji sijamwambia hadi leo. Akiuliza namjibu, "Ipo, shemeji, ipo." Na ipo kweli, chini ya meza, imekalia miguu yake minne.

Huyo fundi ndiye kiini cha makala hii. Ni mzee wa makamo, kibanda chake kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Mlangoni ameegesha baiskeli, ndani vidole vyake vyeusi hadi kwenye kucha. Nilimwendea na orodha niliyoikusanya kwenye simu usiku kucha: kasi, nukta kwa inchi, ukubwa wa kumbukumbu, kioo cha kugusa. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Fundi, katika hizi nichukue ipi?"

Hata hakuitazama. Akafungua kabati la bati nyuma yake. "Dada, mashine utainunua siku moja. Tona utaninunulia mimi miaka mitano. Njoo uone nina tona gani, halafu uende dukani."

Kabatini, rafu mbili nzima zilikuwa za tona za HP na Canon. Rafu ya chini Brother na Kyocera. Pembeni Pantum, chache. Majina mengine yote niliyokuwa nayo kwenye simu, jibu lilikuwa moja: "Hiyo mpaka Dar." Mpaka Dar maana yake ni basi la usiku, kesho au keshokutwa, na kama walioleta wamekosea namba, unaanza upya. Nikafuta nusu ya orodha yangu palepale nimesimama.

Nilimuuliza kwa nini HP na Canon zimejaa hivyo na kwa nini zinakaa rafu moja. Kumbe ni undugu wa siku nyingi. HP ilipotoa LaserJet yake ya kwanza mwaka 1984, mtambo uliokuwa ndani ulikuwa wa Canon, na Canon wameendelea kuitengenezea mitambo mingi tangu hapo. Ndiyo maana katriji, yaani kasha la tona, ya HP inayoitwa 85A na ile ya Canon inayoitwa 725 zinafanana kama mapacha, na wauza tona zisizo za kampuni hukuwekea boksi moja lenye namba zote mbili. Kwa mtu wa Dar au Nairobi hilo halina uzito. Kwa mtu wa Tanga maana yake ni kwamba hata ukiishiwa Jumamosi jioni utaipata.

Ukirudi nyuma zaidi, mashine hizi zote zina babu mmoja. Chester Carlson alipata picha yake ya kwanza ya unga mkavu mwaka 1938 huko Astoria, New York, kwenye chumba cha kupanga, na utaalamu huo ndio uliozaa mashine za kopi za Xerox. Mhandisi wao Gary Starkweather akafikiria kuweka leza ichore badala ya taa. Wakubwa wake hawakulitaka wazo hilo, akahamia maabara yao ya California na kuikamilisha printa ya leza huko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kanuni haijabadilika sana. Leza inachora ukurasa kwa chaji ya umeme juu ya dramu, ile silinda inayozunguka ndani, unga unanasa palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, na karatasi inapita kwenye moto wa karibu nyuzi 200 unga ukayeyuka na kushika. Unga wenyewe ni plastiki iliyosagwa laini ikachanganywa na masizi. Hauwezi kukauka kwa kuwa ulizaliwa mkavu. Funga ofisi Idd mbili mfululizo, ukirudi ukurasa wa kwanza utatoka sawa na wa mwisho, wa moto kama chapati.

Fundi akanipa karatasi nikokotoe. Katriji halisi ya 85A nilitajiwa shilingi 220,000, na inahesabiwa kurasa 1,600. Gawanya: karibu shilingi 138 kwa ukurasa. Isiyo ya kampuni, shilingi 40,000, kurasa zilezile kwa maneno ya boksi: shilingi 25. Rimu ya karatasi 500 nilikuwa nanunua 13,000, yaani shilingi 26 kwa karatasi. Kwa tona halisi, basi, ukurasa unanitoka shilingi 164, na kwa ile nyingine 51. Ofisi yetu inachapa kama kurasa 2,000 kwa mwezi. Tofauti ya mwaka mmoja inanunua mashine kadhaa, na mimi usiku kucha nilikuwa nalinganisha printa kwa tofauti ya elfu thelathini!

Ila hiyo 1,600 nayo ina hila yake. Namba hizo hupimwa kwa kanuni ya kimataifa, ISO/IEC 19752, ambayo ukurasa wake wa majaribio unafunikwa na weusi asilimia tano hivi. Hiyo ni barua fupi, salamu na sahihi. Fomu zetu zimejaa majedwali, mistari minene, vichwa vilivyopakwa weusi. Ukifunika asilimia kumi, katriji imekwenda nusu. Na mashine mpya haiji na katriji kamili. Inakuja na ya kuanzia, ambayo mara nyingi ni nusu au chini ya nusu. Muuzaji mmoja wa dukani aliniambia "inakuja na tona yake" kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Tona zisizo za kampuni nazo si pepo. Nyingine zinamwaga unga, nyingine zinatoa weusi wa kijivu. Halafu kuna chipu. Mashine nyingi mpya zinasoma chipu ya katriji, zikiona ngeni zinagoma, na pengine zinakubali leo kisha zikigoma baada ya kujisasisha kupitia intaneti. HP iliuza baadhi ya leza zenye herufi "e" mwishoni mwa jina, kama M110we na M209dwe, kwa sharti kwamba ziwe na intaneti muda wote na zitumie tona ya HP tu. Kwa mtu mwenye waifai ya uhakika na bajeti ya tona halisi, sawa. Kwangu mimi ninayenunua bando, mashine inayohitaji intaneti ili kuchapa barua iliyomo tayari kwenye laptopu niliivuka. Kuna na suala la kanda: katriji iliyotengenezwa kwa soko la bara jingine inaweza kukataliwa na mashine yako hata kama namba zinashabihiana. Sasa kabla ya kulipa namtumia fundi picha ya boksi kwa WhatsApp.

Jambo la mwisho la fundi lilikuwa dramu. Kuna mashine ambazo dramu iko ndani ya katriji, ukibadilisha tona umebadilisha vyote. Nyingine, Brother kwa mfano, zimetenganisha: tona peke yake, dramu peke yake, na dramu ya zile ndogo inahesabiwa kama kurasa 12,000. Wengi huogopa siku ya dramu kwa sababu bei yake inakuja kwa mkupuo. Mimi niliona kinyume. Ukitenganisha, tona inakuwa chupa ya unga tu, na chupa ya unga ni rahisi kupata na rahisi kujaza. Kyocera wao dramu zao ni za maisha marefu sana, lakini mashine yenyewe ilizidi mfuko wa Bosi.

Basi, kasi na nukta sikuzitazama tena. Zote siku hizi zinachapa kurasa kumi na nane hadi thelathini na kitu kwa dakika, na kwa maandishi meusi nukta 600 kwa inchi zinatosha kabisa. Nilichotazama ni trei. Ya karatasi 150 inakufanya mtumwa wa kuongeza karatasi, ya 250 inakuacha ufanye kazi. Nikatazama pia kuchapa pande mbili bila kugeuza kwa mkono, kwa sababu nakala zetu za faili hazina haja ya kula karatasi mara mbili. Na mzigo wa mwezi: brosha inaweza kuandika kwa herufi kubwa kurasa 15,000 kwa mwezi, halafu chini kabisa ikakushauri 250 hadi 2,000. Ile ya juu ni mashine ikikimbizwa mpaka povu, ya chini ndiyo mwendo wake. Shika ya chini.

Tukanunua Brother ya pande mbili. Ikaja waifai.

Niliamini neno "isiyo na waya" lina maana ya kutokuwa na kero. Siku ya kwanza haikuunganika kabisa. Jina la waifai naliona kwenye simu, kwenye printa halipo. Saa tatu nzima. Kumbe rauta yetu inarusha mawimbi mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na mashine hii, kama nyingi za bei yake, inasikia ya 2.4 tu. Simu yangu ilikuwa imekaa kwenye ya 5 inataka kuikabidhi printa jina ambalo printa haiwezi kulisikia. Nikahamisha simu, ikashika kwa dakika moja. Na ya 2.4 ndiyo inayotufaa: tuko kwenye jengo la zamani, kuta za mawe nene, ukifunga mlango wimbi la 5 linabaki chumba cha rauta.

Kero ya pili ilikuja na umeme kukatika. Ukirudi, laptopu inasema printa haipo. Naiona kwa macho, taa inawaka, nikiigusa ina joto, na laptopu inashikilia kwamba haipo. Sababu ni kwamba rauta ikizimika na kuwaka hugawa anwani upya, printa ikapewa nyingine, laptopu ikaendelea kubisha hodi nyumba ya zamani. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta na kuiwekea printa anwani yake ya kudumu. Dakika tano, na kelele ikaisha. Hata hivyo nilinunua waya wa USB, ambao mara nyingi hauwekwi ndani ya boksi. Siku ya lori sitaki kujadiliana na mawimbi.

Kuna na njia ya kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu bila rauta, inayoitwa Wi-Fi Direct. Nzuri mno, ila ibadilishie nywila siku ileile ya kwanza. Sisi hatukubadilisha. Alhamisi moja mashine ikaanza yenyewe, ikatoa kurasa nne za michango ya kamati ya harusi, majina, ahadi, na mbele ya majina fulani alama ya swali. Tukasoma zote, sisemi uongo. Mwenyewe alikuwa ofisi ya jirani, anashangaa karatasi zake haziji.

Umeme wenyewe: usichomeke leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Ule mvuto wa kupasha moto unaizidi nguvu, UPS inalia na kuzima vyote pamoja na kazi ya mwenzako. Yetu ina soketi yake ya kuzuia mshtuko wa umeme, UPS imebaki kwa laptopu na rauta. Umeme ukikatika karatasi ikiwa katikati, fungua, subiri fyuza ipoe, ivute taratibu kwa mikono miwili kuelekea inakokwenda. Ukiikwanyua, kipande kinabaki ndani na fundi anapata riziki.

Na karatasi za mji wa pwani zina tabia zake. Hewa ya bahari inaingia kwenye rimu iliyo wazi kama inavyoingia kwenye chumvi. Karatasi yenye unyevu ikipita kwenye nyuzi 200 inajikunja kama jani la mgomba motoni, inakwama, au weusi unatoka madoadoa. Miezi miwili ya mwanzo nililaumu mashine. Sasa rimu inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ile ya kuhifadhia unga wa ngano, na natoa za siku mbili tatu tu. Wageni wanadhani tunapika.

Nyumbani Makorora niliamua vingine. Pale tunachapa kurasa mia kwa mwezi zikizidi: mazoezi ya watoto, barua, na orodha ya majina ya marehemu ambayo mama mkwe hutumiwa kwa simu na ndugu zake wa Pangani kila ikikaribia hitma. Kwa matumizi hayo sikuona haja ya mpya. Nilitafuta HP P1102w iliyotumika, mashine ya mwaka 2010, haina pande mbili wala kioo, inakula ile 85A iliyojaa kwa fundi. Muuzaji akasema imetumika kidogo sana. Nikamwomba aichapishe ukurasa wa taarifa zake, ambao leza nyingi zinautoa, wenye idadi ya kurasa zilizochapwa tangu mashine izaliwe. Ya kwanza ikasoma 61,000. Akacheka, nikacheka. Ya tatu ikasoma 7,800, nikaibeba.

Mama mkwe hakuiamini kwa wiki mbili. Hakuelewa karatasi inatokaje wakati simu iko mkononi mwake barazani na mashine iko chumbani. Sasa anachapa mwenyewe, kisha ananiita, "Mwanangu, nenda kaniletee, imekwisha lia."

Ya ofisini, taa ya tona iliwaka Jumatatu. Nikaichomoa, nikaitikisa kushoto na kulia kama alivyonionyesha fundi, imetupa kurasa mia moja na kitu na bado inakwenda. Kaunta leo asubuhi imesoma 9,412. Fundi nimeshamwambia aniwekee dramu moja kando.